Neno Lililotangulia Jina Lake

Mwanangu Mwanaidi,

Juzi ulinicheka mpaka ukakaa chini. Ulikuwa sebuleni na kompyuta yako, unapitia zile kurasa za majaribio za Mlango wa Uani ulizotumiwa na waajiri wako wapya wa Dar es Salaam. Ukafika kwenye ukurasa wa shukrani, ukaita, "Baba! Njoo uone, wamekuua!" Nikaja na miwani yangu. Kweli, waliandika kwamba wanamshukuru marehemu Hamza Kombo wa Tanga, mchapishaji wa kwanza wa kitabu hiki. Mama yako akasema mtu akizushiwa kifo huongezewa umri. Wewe ukaapa hutawaambia kitu kwa simu. Hukutaka wajue wewe ni mtoto wa nani kabla hawajakuajiri, na sasa utawangojea mpaka ufike, uingie ofisini useme, "Marehemu huyo ni baba yangu, na anawasalimu."

Mimi sikucheka, nawe uliona. Ulidhani ni uzee, kwamba watu wa umri wangu hawapendi kutaniwa habari za kifo. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa mpaka miguu ikawa baridi, na tangu juzi haijapata moto.

Sasa wewe na mama yako mmekwenda Al Wakrah kumalizia ununuzi, nami nimebaki nyumbani hapa Al Wukair, nje ya Doha, na sanduku lako likiwa wazi katikati ya nyumba. Kesho alfajiri unaruka. Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na majirani wa kuogopwa, mama yako atakuimbia mpaka mlango wa ndege. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia tangu hujazaliwa.

Bi Mwanaidi Sefu, mwandishi wa Mlango wa Uani, yule niliyekupa jina lake, hakuwa amekufa nilipoandika kuwa amekufa. Nilimuua mimi kwa neno moja. Umelisoma mara mia juu ya jalada, limetangulia jina lake: Marehemu.

Usitupe barua. Nisikilize, na nianze na mtu mwingine, maana yeye ndiye aliyenitoa mafichoni.

Unajua nilikuja Doha kuwa dereva wa Abu Nasir, na kwamba siku moja alinikuta garini nikishona jalada la msahafu wake uliochanika, akaniondoa kwenye usukani akanipeleka kwenye vitabu. Kule shambani kwake Umm Salal, chumba cha vitabu hakina dirisha na kiyoyozi hakizimwi. Nje jua linakaanga lami, na mimi ndani nimevaa sweta. Mwaka huu alinunua makasha ya vitabu vya Kimarekani vya zamani, vingine mgongo umeoza kabisa. Kimoja ni maisha ya mchapishaji wa karne ya kumi na tisa, kayaandika mwenyewe uzeeni. Ukitengeneza kitabu unalazimika kukishika ukurasa kwa ukurasa, na Kiingereza changu si haba. Nikamsoma.

Alianza kama nilivyoanza mimi, kwa kukunja karatasi katika kiwanda cha mtu. Baadaye akapata mkokoteni na farasi, akawa anachuuza vitabu mashambani, nyumba kwa nyumba. Huko ndiko alikosomea kazi, anasema. Aliona kwamba mke wa mkulima akiambiwa mwandishi yuko hai, kitabu hukigeuzageuza na kukirudisha. Akiambiwa amekufa, tena amekufa kijana, hupeleka mkono kifuani na kukinunua. Mjanja yule! Alipofungua kiwanda chake mwenyewe aliwaweka watu bandarini kungoja meli za Uingereza. Riwaya mpya ikishuka, inachanwa vipandevipande, kila mpanga herufi na kipande chake, na baada ya siku chache inauzwa mitaani bila mwandishi kujua. Wakati ule sheria yao haikumlinda mwandishi mgeni, na yeye hajutii hata kidogo. Nilikuwa nikimsoma huku nacheka peke yangu.

Kisha nikafika sura ya mwandishi wake mwenyewe, Mmarekani mwenzake, mtu mpole asiyejulikana. Ilisemekana amezama na meli. Mchapishaji akatoa kitabu chake kikiwa na ukingo mweusi wa msiba kuzunguka jina, na watu wakakigombea. Miezi michache baadaye, siku ya mvua, mlango wa duka ukafunguliwa akaingia mwandishi, ameloa, anaomba radhi kwa kuchafua sakafu.

Pale nilifunga kitabu. Mlango wangu mimi ulifunguliwa siku ya Jumamosi, na hakukuwa na mvua.

Nilikuwa na kiwanda kidogo cha chapa Tanga mjini. Kadi za harusi, risiti, na vitabu viwili vitatu kwa mwaka. Siku moja akaja bwana mmoja na daftari nne zimefungwa kwa kamba ya katani. Akasema ni maandishi ya dada yake. Nikamuuliza, dada mwenyewe yuko wapi? Akasema, "Dada ametutoka."

Wewe umekulia huku, lakini Kiswahili chako mama yako hakukiacha kilale. Unajua neno hilo tunalitumiaje. Nikasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Yule bwana akanitazama kwa muda. Kisha akasema, "Ndiyo hivyo," akaondoka.

Alikuwa amesema kweli yake. Dada yao alikuwa mjane wa miaka hamsini, kaka zake hawakutaka aolewe tena, na hasa si na mtu waliyemdharau wa ng'ambo ya mto, Pangani. Akatoka kwao akaolewa. Amewatoka. Ningeuliza swali moja tu, ametoka kwenda wapi, nisingekuwa naandika haya. Lakini mtu aliyefiwa haulizwi maswali, na mimi nilikuwa kijana mwenye adabu.

Nikasoma daftari zile nikalia. Unakijua kitabu. Nikakipanga kwa mikono yangu, na juu ya jina nikaweka neno lile kwa heshima zote. Basi Jumamosi hiyo karatasi zimeshapigwa chapa, zimepangwa sakafuni zinangoja kukunjwa, na mimi nina brashi ya gundi mkononi. Mwanamke akaingia, kajifunga kanga, mrefu, uso mkavu. Akasema, "Mimi ndiye Mwanaidi Sefu."

Nilisimama kama gogo. Yeye ni mkubwa kwangu, sawa na mama yangu mdogo, nami sikutamka salamu.

"Huniamkii?" akauliza.

Akainama, akaokota ukurasa wa jina kutoka sakafuni, akausoma taratibu. Aliponyanyua uso alikuwa anatabasamu. "Aa," akasema. "Ni kweli. Marehemu haamkiwi."

Nikamweleza yaliyopita. Akacheka sana, akasema kaka yake hakudanganya, kweli amewatoka. Kisha akaniambia nilifute lile neno. Lilikuwa jambo la karatasi moja kwa kila kitabu: kuchapa upya ukurasa ule na kuuingiza mahali pa ule mbaya. Kazi ya siku mbili. Nikamwahidi. "Basi ukurasa wangu nitaufuata," akasema, akaenda zake.

Sikuuchapa, Mwanaidi. Wiki ile ile mwalimu mkuu mmoja alipita dukani, akaona zile karatasi, akasoma kipande. Machozi yakamlenga. "Maskini, kumbe ameshafariki," akasema. "Nakala zake zote tutazichukua." Akawaambia wenzake, nao wakaja. Kila aliyekuja alianza na neno lile, na kila mara nilijiambia nitalifuta katika chapa ya pili. Kumbe yule mchuuzi wa mkokoteni alikuwa ameshaligundua jambo hilo kabla babu yangu hajazaliwa.

Chapa ya pili ilipofika nikafanya baya zaidi. Watu walitaka kujua alikufaje. Nikakaa mezani nikaandika nyuma ya jalada kwamba aliugua siku tatu, na kwamba alikutwa na kalamu mkononi. Ni mimi huyo. Hakuna aliyenituma.

Bi Mwanaidi akaja na nakala yake, akasimama mbele ya meza yangu akanisomea kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa upole tu, kama mtu anayeulizia nyumba ya jirani, "Na nilizikwa wapi?"

Nimeulizwa maswali mengi katika maisha yangu, na polisi, na kafili aliyenidhamini huku, na daktari. Hilo ndilo ninaloliota.

Tangu siku hiyo hakujiita "mimi". Alikuwa akija mara moja kwa mwaka, anasimama mlangoni anasema, "Marehemu amekuja kuulizia ukurasa wake." Nami nasema bado, naye anasema haya, anaondoka. Hakunitukana. Aliniambia kule kwake wanafunzi waliokisoma kitabu wakimwona njiani wanakimbia, na wasiokimbia wanapita kimya, kwa maana hawajui wamwamkie nani. Zamani alikuwa akiitwa kupamba maharusi. Wakaacha kumwita, kwa sababu nani anataka mkono wa maiti kwenye hina ya mwanawe? Alinieleza haya bila kulalamika, na mimi nikimsikiliza nakunja karatasi.

Kisha ukazaliwa wewe. Nilidhani nikikupa jina lake nitakuwa nimelipa. Kwetu mtoto hurithishwa jina la aliyetangulia, na watu wote wakanisifu kwa kumkumbuka mwandishi wangu. Siku ya arobaini yako wanawake wamejaa uani, akaingia Bi Mwanaidi. Mama yako akaniuliza, "Yule ni nani?" Nikajibu upesi kuliko nilivyofikiri: "Dada wa marehemu."

Alisikia. Akasogea, akakupokea mikononi, akamwambia mama yako, "Ndiyo, mimi ni dada wa marehemu. Tulifanana sana." Akakufunika kanga aliyokuja nayo. Ndiyo hiyo ya zambarau iliyomo sandukuni mwako, umeikunja juu ya viatu. Umelala nayo tangu utoto, lakini sijui kama umewahi kuyasoma maandishi yake kama ninavyoyasoma mimi: NIPO HAPAHAPA MNANITAFUTIA WAPI. Akakunong'oneza kitu sikioni, sikukisikia. Akasema marehemu amepata somo wake, sasa ukurasa wake utapata wa kuufuata.

Sikuondoka Tanga kwa sababu ya biashara kuanguka, kama nilivyowaambieni. Iliyumba, ndiyo, lakini ningeweza kuisimamisha. Niliondoka kwa sababu mwaka ulikuwa unakaribia kutimia na angekuja tena mlangoni.

Yule Mmarekani hakukimbia. Alimwomba mwandishi wake akae kimya kidogo tu, akamtafutia nyumba nje ya mji, na kutoka nyumba ile zikawa zinakuja karatasi. Akazitoa kitabu baada ya kitabu, akisema zimeokotwa katika masanduku ya marehemu. Akawa mtu mkubwa, mwenye jengo la ghorofa na mitambo ya mvuke. Mwandishi alipokufa kweli hakukuwa na namna ya kumtangaza, maana mtu hafi mara mbili magazetini. Akazikwa kwa jina la kubuni. Na mwaka uliofuata, anasema mzee yule, karatasi zikaendelea kuja. Mwandiko ule ule. Hasemi alizipokea wapi wala nani aliyezileta, na hakuuliza. Aliziweka kabatini, na kiwanda chake kiliposhika moto hilo kabati ndilo pekee lililobaki.

Nilikuwa kwenye ukurasa huo, mezani Umm Salal, simu yangu ikalia. Ujumbe wa sauti, namba ya Tanzania nisiyoijua. Mlinzi wetu, Wafula, yule Mkenya anayekuletea njugu, alikuwa amesimama mlangoni anapoza jasho. Nikabonyeza bila kuwaza.

"Marehemu anakusalimu, Hamza. Umefika ukurasa gani?"

Sauti haikuwa imezeeka. Miaka zaidi ya ishirini, na ni ile ile iliyonisomea jalada.

Wafula akanikodolea macho. "Mzee, huyo mama anasema ati yeye ni marehemu? Hiyo ni mambo gani sasa?"

Nikasema ni jamaa wa Tanga, ni utani.

"Utani gani huo, bana? Zima hiyo kitu. Na usiwahi nichezea tena nikiwa night shift." Akatoka kusimama juani, akasema afadhali huko.

Nilikaa siku nne kabla ya kuipiga ile namba. Akapokea mwanamke, akajitambulisha kuwa ni mke wa mtoto wa mwenye nyumba. Nikasema namtafuta Bi Mwanaidi Sefu.

"Huyo ni marehemu," akasema.

Nikauliza tangu lini.

"Sijui, mie nimeolewa nyumba hii nimemkuta hivyohivyo."

"Umemkuta vipi?"

"Si marehemu! Kila mtu anamwita hivyo. Unataka nimpe simu? Yupo uani, anaanika ufuta." Nikamsikia anaita, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeita mtoto aje kula: "Marehemu! Marehemu we! Una simu kutoka Arabuni!"

Nikakata.

Sijui nilichoogopa zaidi, asije kwenye simu au aje. Mwanangu, huyo ndiye baba uliyemsifu kimoyomoyo kwenye mahojiano yako, ukajivuna kwamba hukulitumia jina lake. Ulifanya vyema kutolitumia.

Nilimmaliza yule Mmarekani wiki iliyopita. Sura ya mwisho ni fupi. Anasema aliokota orodha ya vitabu ya mshindani wake, akakuta yeye mwenyewe ametajwa humo kuwa marehemu. Akaandika kusahihisha. Hakujibiwa. Akaandika tena, akaenda mwenyewe, na kijana wa pale dukani akamwambia kwa heshima kwamba barua za marehemu hushughulikiwa na warithi wake. Kitabu kinaishia hapo. Nilikishona, nikabandika mgongo mpya, nikakirudisha rafuni, nikajiambia hadithi imekwisha. Siku tatu baadaye ukaniita sebuleni: wamekuua.

Na najua imekuwaje, wala si uchawi. Waajiri wako wametuma mtu Tanga kuulizia Hamza Kombo mwenye kiwanda cha chapa. Wakamkuta jirani yeyote, amekaa barazani kwake. Naye kajibu kama ambavyo angejibu mtu yeyote kuhusu aliyehama mji: "Hamza? Hamza alishatutoka."

Basi nikuombe. Umeniambia kwamba kazi yako ya kwanza ni kitabu hiki, na kwamba kinarudi tena mashuleni. Ukurasa wa jina uko mikononi mwako sasa. Kalamu yako ikilipita neno lile, watoto wengine watajifunza kumkimbia mwanamke mzima njiani. Ukilitoa itabidi useme kwa nini. Watakuuliza umejuaje, na utapaswa kuwaambia mimi ni nani na nilifanya nini. Huenda wakakutazama kwa jicho jingine kabla hujaizoea hata meza yako. Ninalijua hilo na bado nakuomba, na aibu yangu ni kwamba nakuomba wewe kitu nilichoweza kukifanya kwa siku mbili na ndoo ya gundi.

Yale maelezo yangu ya nyuma ya jalada usiyarekebishe. Yafute yote.

Na neno la kwangu, lile la ukurasa wa shukrani, liache kwanza. Usinifufue mimi kabla yake. Nimekwishajua sasa, kwa siku mbili hizi, jinsi mtu anavyojipapasa akiwa ameandikwa hivyo, nami sijakimbiwa na mtoto hata mmoja. Yeye akishatoka kwenye neno, ndipo uwaambie kuwa baba yako anakula na kulala Al Wukair.

Lakini kabla hujagusa karatasi yoyote, nenda Pangani. Vuka mto, uliza nyumba. Watakuambia kwa jina lile baya, usishtuke wala usilirudie. Jifunge kanga yake. Piga hodi. Sijui utakuta nini, nikuambie ukweli. Sauti ile niliyoisikia haikuwa ya bibi wa miaka sabini na zaidi, na sikungoja simu ifike mkononi mwake nijue. Huenda ukakuta bibi anaanika ufuta. Huenda ukakuta jina tu linaloitwa uani, na watu wameshazoea. Yeyote utakayemkuta, usianze na habari zangu wala za kitabu. Anza na ile niliyomnyima siku ya kwanza.

Mwambie shikamoo.

Asipoitikia upesi, usiondoke, na usiirudie kwa kelele. Mpe nafasi. Ni miaka mingi hajaamkiwa, huenda amesahau inavyojibiwa. Wewe simama pale mlangoni na jina lake mpaka usikie marahaba.

Ukiisikia, nipigie palepale, uiweke simu karibu yake. Nami nitamwamkia.

Baba yako, ambaye bado yupo,
Hamza